Asubuhi Tuliyomtoa Mama Feza Chini ya Mkaratusi

Naikumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, na nitakusimulia yote kabla hujaondoka Jumatatu. Jana ulipokuja kunionyesha ule msumeno wa injini waliokupa kazini, huu tunaouita hapa kwetu tronsoneze, uliuwasha katikati ya ua ukiwa na kandambili miguuni, ukauinua kwa mkono mmoja ili dada zako wauone. Nilikwambia uuzime. Uliuzima, ukacheka kidogo. Sikukasirika, maana kijana akipewa chombo kipya lazima akionyeshe nyumbani. Lakini nilikuona, na nimeamua kwamba huondoki hapa kabla hujanisikiliza. Kazi yenu ni kufyeka miti chini ya nyaya za umeme kule upande wa Kinsevere, na huko hakutakuwa na babu wa kukwambia zima. Basi kaa, kunywa chai yako.

Nilikuwa na umri kama wako. Wazazi wangu walibaki Kambove, baba akiwa bado mgodini, nami nilikuwa nimehamia hapa Lubumbashi, nikiishi Katuba kwa mjomba wangu. Nilikuwa nafanya kazi na Papa Kalenga, mtu mfupi mwenye mabega mapana, ambaye baba yake alishuka kutoka kaskazini ya Katanga kuja kutengeneza reli. Yeye hakutaka reli wala mgodi. Alikata miti ya watu mjini: miembe iliyozeeka, mijakaranda iliyoanza kupasua kuta, mikaratusi iliyoegemea nyumba. Alikuwa na tronsoneze moja tu, kubwa na nzito. Rangi yake ilikuwa imebanduka yote, lakini ukiifungua ndani ni safi kama sufuria ya bibi harusi.

Kila asubuhi kabla ya kazi aliketi na tupa mkononi, akinoa meno ya mnyororo jino baada ya jino. Mimi nilikuwa nimekwisha kukata naye miti mingi, na nilipokuwa nikimtazama pale chini na tupa yake nilimwona kama mtu anayesafisha viatu wakati basi linaondoka.

Sasa, asubuhi hiyo upepo ulikuja na mvua tangu alfajiri. Uling'oa mkaratusi mkubwa uliokuwa nyuma ya parseli, yaani kiwanja, ya Mama Feza, mjane aliyeuza unga sokoni na kuimba kwaya parokiani. Sauti yake mtaa mzima uliijua. Mti ulivunja ukuta wa nyuma ukalala juu ya chumba chake. Mizizi ikabaki hewani upande mmoja ikidondosha udongo mwekundu, na matawi yakaenda kujikunja kwenye ua wa jirani. Mama Feza alikuwa bado kitandani. Boriti ya paa ilimbana mguu, na shina lote la mti lilikuwa limekaa juu ya boriti hiyo.

Walikuja kutuita, tukaenda mbio. Tulikuta watu wamejaa mpaka barabarani. Wengine walikuwa wameshika mapanga, wengine kamba, na kila mmoja alikuwa na shauri lake. Kupitia tundu la ukuta uliobomoka tulimsikia mama akiita jina la mtoto wake, Trezor, aliyekuwa dereva wa lori na ambaye asubuhi hiyo alikuwa kazini.

Papa Kalenga aliuzunguka mti kuanzia mizizi hadi majani, kisha akauzunguka tena kwa upande mwingine. Aliinama kuangalia mahali shina lilipogusa ukuta. Aliweka kiganja chake juu ya kila tawi lililojikunja, kama mama anayepima homa ya mtoto. Halafu, mwanangu, mbele ya watu wote wale, akaketi juu ya tofali, akafungua mfuko wake wa vyombo, akatoa tupa.

Watu walipiga kelele. Mzee mmoja alimuuliza kama hana moyo. Nami nilisogea, damu imenipanda kichwani, nikamwambia, "Papa, muntu iko nakufa mule ndani. Unipatie mashini, nianze."

Hakuinua kichwa. "Jana tulikata muti yenye ilikuwa na muchanga," alisema. "Hii meno imekufa. Shene yenye haina meno, utaikandamiza. Ukiikandamiza, ile muti itatembea. Ikitembea, mama anakufa, na ni weye utakuwa umemuua. Sasa niache ninoe."

Shene ndiyo mnyororo, jina lake la Kifaransa. Nilibaki nimesimama pale mbele yake. Ndipo aliponitazama machoni kwa mara ya kwanza. "Hauna kazi?" aliuliza. "Enda ulale pale pa tundu. Umushike mama mukono. Umwambie kila kintu chenye niko nafanya."

Nilienda nikalala kifudifudi kwenye matope, nikapitisha mkono kati ya matofali mpaka nikaupata wa Mama Feza. Ulikuwa baridi. Sikuuona uso wake vizuri, niliona nywele na sehemu ya shavu lenye vumbi. Nilianza kumwambia yale yanayosemwa, kwamba asiwe na hofu, kwamba yataisha sasa hivi. Alinikatiza.

"Mutoto, usinipe maneno ya kunituliza," alisema. "Niambie kazi. Wanafanya nini kule juu?"

Basi nikamwambia. Nilimwambia Papa Kalenga ananoa, na kwamba kila jino analipiga idadi ile ile ya mapigo, akisukuma tupa upande mmoja tu bila kuirudisha kwa kukwaruza, ili mnyororo usivutwe upande mmoja unapokata. Aliuliza kwa nini. Nikagundua kwamba najua jibu, ingawa sikuwahi kulijali: mnyororo mkali hutoa vipande vya mbao, na mnyororo butu hutoa unga, tena humlazimisha mkataji kusukuma kwa nguvu zake. Nilimwambia sasa anavaa glavu, anauvuta mnyororo juu kidogo katikati ya lile bamba refu la chuma unalozungukia. Unainuka na kurudi mahali pake. Ungening'inia ungechomoka na kumchapa mtu. Ungekaza mno ungechoma bamba na kukatika. Nilimwambia amefungua kichujio cha hewa, anapukuta vumbi. Sasa anaongeza mafuta ya mnyororo, na sasa petroli iliyochanganywa na oili, na baada ya kumimina anaibeba mashini na kuipeleka mbali na pale alipomimina, maana cheche moja ingetosha. Kila nilipomaliza alisema, "Ndiyo. Na sasa?" Mkono wake ulianza kunishika badala ya mimi kumshika.

Nikiwa bado nasema hayo, Trezor alifika na lori lake. Alikuwa amepita kwa mtu anayemfahamu akaazima tronsoneze nyingine. Hakuuliza chochote. Aliruka ukuta wa jirani, akavuta kamba ya kuwashia huku mashini ikining'inia mkononi, akaanza kukata tawi kubwa la kwanza lililokuwa mbele yake, akiwa amesimama pale pale lilipojipinda. Mashini ilitoa moshi na unga mweusi. Alisukuma. Bamba likabanwa ndani ya mti, naye akawa anatikisa ili alitoe, na shina lote likasogea. Lilisogea upana wa kidole labda. Mama Feza alilia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwa mtu mzima.

Papa Kalenga aliinuka. Hakumshika Trezor kwa nyuma, na hilo ulishike, mwanangu, usimwendee kamwe kwa nyuma mtu anayekata. Alizunguka mpaka akawa mbele yake, mbali kidogo, mahali anapoonekana, akainua mikono yote miwili na kubaki ameiinua. Trezor alimwona. Aliacha kusukuma, lakini injini iliendelea kunguruma.

"Zima," Papa Kalenga alisema.

"Ni mama yangu."

"Najua. Nimesikia analia. Zima, mwanangu."

Mvua ilikuwa imerudi, nyepesi. Trezor alizima, akakaa chini kwenye majani akaficha uso. Papa Kalenga alimwendea akamwinua kwa kiwiko, akampa kazi. Alimwambia asimame kwenye lango na kamba, asiruhusu mtu yeyote avuke, hata padri akija, hata yeye mwenyewe Trezor asivuke mpaka aitwe. Niliona kijana yule akinyooka. Mtu mwenye uchungu ukimwacha bila kazi atajitafutia, na ile aliyojitafutia karibu imuue mama yake.

Tangu hapo hakuna aliyepiga kelele tena. Wanaume walileta magogo na kriki, ile jeki ya lori la Trezor, wakategemeza shina pande zote mbili za chumba ili lisiviringike wala kushuka. Papa Kalenga aligonga kila nguzo kwa nyundo, akaisikiliza. Kisha akavaa. Kofia ngumu, miwani, vizibo vya masikio, ile suruali yake nene ya kazi na buti. Aliweka mashini chini, akafunga breki ya mnyororo, akakanyaga mshikio wa nyuma kwa buti, akavuta kamba. Ilipowaka alifungua breki, akaielekeza ncha kwenye gogo jeupe na kubonyeza gesi, kile kitufe cha kuongeza mwendo, kidogo, mpaka matone ya mafuta yakaonekana kwenye mbao. Nikamwambia Mama Feza, "Mafuta inatoka. Sasa anaanza."

"Basi tusali," alisema, "na weye usiache kuniambia."

Papa Kalenga alianza na matawi ya mbali, yale madogo, kupunguza uzito kidogo kidogo. Akikata kidogo anazima, anatazama, ananiuliza mimi kama mama amesikia kitu kimesogea. Mimi namuuliza mama. Mama anasema hapana. Anawasha tena. Ndivyo ilivyokwenda. Lile tawi alilolianza Trezor aliliacha mpaka alipokuwa tayari. Lilikuwa limekunjwa kama upinde, na alinionyesha kwa kidole kabla ya kuligusa: upande wa ndani wa mkunjo mbao imebanwa, upande wa nje imevutwa. Alisimama pembeni, upande ambao tawi haliwezi kurukia, akachanja kidogo ule upande uliobanwa, akatoa msumeno, kisha akaanza kukata ule uliovutwa. Tawi liliruka kwa mlio kama wa bunduki. Lilipita pale pale kifua cha Trezor kilipokuwa, likavunja ukuta wa choo cha jirani. Nilitazama langoni. Trezor alikuwa ameliona. Alifanya ishara ya msalaba, akaishika kamba yake kwa mikono miwili.

Hapo nikadhani yamekwisha magumu. Kilibaki kipande cha shina kilicho juu ya chumba chenyewe, kikiwa kimeshikwa na magogo pande zote mbili. Papa Kalenga alizima mashini, akavua glavu, akatazama vidole vyake. Alivikunja, akavikunjua. Tronsoneze ile ilikuwa inatikisa mno, na alikuwa ameishika asubuhi nzima.

Alikuja akachuchumaa karibu yangu. "Mikono yangu imekufa," alisema polepole, ili watu wasisikie, lakini mama alisikia. "Sisikii kidole cha gesi. Kukata kwenye kumebakia, utakata weye."

Nilimwambia siwezi. Asubuhi ile ile nilikuwa nimetaka kumnyang'anya mashini, na sasa nilipopewa niliung'ang'ania mkono wa mama. Ni Mama Feza aliyejibu kutoka mle gizani. Alisema, "Umeniambia yote yenye alifanya. Haukuruka hata kimoja. Kuja ufanye vile."

Papa Kalenga alilala kwenye matope mahali pangu, akaupokea mkono wake. Nilivaa nguo zake, suruali ikaniishia juu ya vifundo. Nilifanya kila kitu upya, hata kile alichokwisha kukifanya yeye. Nilivuta mnyororo, nikajaribu breki, nikatazama mafuta. Watu walingoja na hakuna aliyeniharakisha. Nilizungusha kidole gumba chini ya mshikio wa mbele, mkono wa kushoto ukanyooka, nikasimama pembeni ya bamba, kichwa changu nje ya njia yake. Gogo lililoshikwa ncha zote mbili hubanwa juu na kuvutwa chini. Kwa hiyo nilianza juu, sikuenda ndani sana, nikatoa. Kisha nikapita chini na kukata kwenda juu kulifuata lile jeraha, na huko chini mashini hukusukuma wewe kifuani, lazima uiegemeze na uwe umesimama imara. Sikuigusisha ile ncha ya bamba popote, kwa sababu ncha ikigusa mti kwa sehemu yake ya juu, mashini nzima hurudi usoni kabla hujajua kwamba imerudi. Vipande vyeupe vilikuwa vinatoka, vikubwa, safi. Sikusikia kelele ya injini. Nilikuwa nasikia tu ninavyopumua.

Gogo lilikatika likakaa pale pale kwenye nguzo zake. Halikushuka. Nilikata upande wa pili vile vile, nikazima, nikafunga breki, nikaweka mashini chini. Wanaume wakaingia, wakaliviringisha lile gogo nje, wakainua boriti kwa kriki, na Papa Kalenga akamwita Trezor. Ni yeye aliyeingia kumbeba mama yake.

Mguu wake ulivunjika mahali pawili, na baada ya hospitali alitembea kwa fimbo mpaka alipozeeka. Lakini alirudi sokoni, na alirudi kwaya. Papa Kalenga hakunisifu. Jioni, tulipokuwa tukikusanya vyombo, alinipa tupa na mashini, akaenda zake kunawa. Nilikaa juu ya gogo la mkaratusi nikanoa meno yote kabla ya kwenda nyumbani, ingawa kazi ilikuwa imekwisha. Nimefanya hivyo maisha yangu yote ya kazi, na ndiyo sababu unaniona hapa na vidole vyangu vyote, nikikusumbua na chai yako.

Basi nisikilize, mwanangu, maana hapa ndipo nilipotaka tufike.

Utakuwa na mkubwa wa kazi atakayekuambia muda umekwisha. Utakuwa na wenzako watakaokucheka kwa kuvaa kofia na suruali nzito kwenye jua la Oktoba. Wacheke. Wewe vaa, na buti uvae, na macho na masikio uyakinge. Kabla ya kuwasha, uuzunguke mti uliolala na uliosimama, uone umebanwa wapi na unavutwa wapi, na kama umesimama ujue utakimbilia upande gani utakapoanza kuanguka, na njia hiyo uifyeke kwanza. Chini ya nyaya usiguse tawi mpaka umehakikisha kwa mwenye dhamana kwamba umeme umekatwa. Usiamini neno la mpita njia. Noa asubuhi. Noa tena ukiona unga badala ya vipande. Injini ikiwa moto usimimine petroli, iache ipoe, na ukishamimina sogea mbali kabla ya kuvuta kamba. Safisha kichujio na kagua buji inayotoa cheche, na ukienda kushika mnyororo kwa sababu yoyote, injini iwe imezimwa. Breki ikiharibika, siku yako ya kazi imekwisha mpaka itengenezwe, hata kama ni saa mbili asubuhi. Usiinue msumeno juu ya bega. Usiushike kwa mkono mmoja, na hapa unajua namsema nani. Usiende kukata peke yako hata siku moja.

Na mikono ikichoka, useme. Hilo ni gumu kuliko yote. Mtu yule alikuwa na watu nusu ya Katuba wakimtazama, na alisema mikono yake imekufa, akampa kijana. Kijana asiyeweza kusema nimechoka, mimi simpi hata panga la kufyekea majani.

Sasa kalete mashini yako hapa barazani. Leta na tupa. Utanoa mbele yangu, jino moja moja, na nikiona umerudisha tupa kwa kukwaruza tutaanza upya, hata tukae mpaka chakula cha jioni. Nimewaambia dada zako wakuwekee kando buti zangu za zamani. Ukubwa wa mguu wako naujua.

Mungu akutangulie Jumatatu katika njia ya Kinsevere, akuonyeshe mti kabla mti haujakuonyesha nguvu zake. Akupe wenzako wenye subira na mkubwa wa kazi anayesikia. Wazee wetu waliotangulia wakusimamie. Na mikono hii miwili uliyozaliwa nayo, uzeeke nayo yote, mpaka ushike nayo vitukuu vyangu.